Binti aliposema maji yanang'ata

Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa nyumba na familia ulikuwa na makala kuhusu kupamba sebule kwa tangi la samaki. Niliipenda. Mwandishi ameeleza unene wa kioo, namna ya kuosha mchanga, samaki gani wanagombana na gani wanaelewana, mpaka rangi ya kubandika nyuma ya tangi. Kuhusu umeme ameandika jambo moja tu, kwamba tangi likae karibu na soketi. Basi. Langu limekaa karibu na soketi miaka sita, na mwaka huu nusura litoe roho ya mtoto wa watu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Naomba barua hii muitoe yote hata kama ni ndefu, kwa sababu ikikatwa katikati msomaji atabaki na lile kosa tulilokuwa nalo sisi mwanzoni.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Mbagala. Chumba cha mbele ndicho ofisi yangu: cherehani mbili, ovaloki moja (mashine ya kushona kingo za nguo zisichomoke nyuzi), pasi na meza ya kukatia. Mlango wa pili unaingilia sebuleni, na hapo ukutani ndipo lilipo tangi. Aliliweka marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa Kyela, amekua akiogelea Ziwa Nyasa pale Matema, na alipostaafu alisema hawezi kuzeeka mjini bila kuwaona mbuna. Mbuna ni wale samaki wadogo wa miambani, wengine wa buluu wenye michirizi myeusi, ambao kwa asili hawapatikani ziwa lingine lolote isipokuwa Nyasa. Tangi lina futi nne kwa moja na nusu kwa moja na nusu, zaidi ya lita 200. Alipofariki, ndugu waliniambia nigawe samaki niuze kioo. Sikuweza.

Binti anayenisaidia kazi za nyumbani ana miaka 19, ametoka kusini. Yeye ndiye anayelisha samaki asubuhi na kufuta ukungu wa kijani kwenye kioo kwa ndani. Katikati ya masika alinijia mikono imelowa, akasema, "Mama, maji yananing'ata."

Nikamuuliza samaki gani kamng'ata. Mbuna dume akilinda eneo lake huwa mkali, hudonoa kidole. Akasema, "Siyo samaki, Mama. Maji yenyewe."

Niliacha kushona nikaenda kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama siku zote, samaki wakanikusanyikia wakidhani nimeleta chakula. Hakuna kitu. Nilimwambia aendelee na kazi. Siku ya tatu akarudia maneno yale yale. Ya tano akakataa kabisa kugusa tangi, akawa anamwaga chakula kwa mbali. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilimwona mvivu na nikamsema. Jirani mmoja akasema ndani ya maji yale kuna kitu, tutafute mtu wa kusoma dua. Nikakataa, lakini nilikataa kwa kumdharau binti, siyo kwa kujua ukweli.

Ukweli ulikuwa chini, miguuni. Mimi hushinda na ndala za mpira. Yeye hufanya kazi peku, na asubuhi anapolisha samaki anakuwa ametoka kupiga deki, sementi bado mbichi. Mkono mmoja, maji yale yale, nyumba moja. Umeme hauwezi kumpitia mtu asiyeupa njia ya kutokea, na mpira wa ndala zangu ulikuwa umeiziba njia hiyo. Binti alikuwa ameifungua kwa nyayo zake mbili.

Nilikuja kujua siku nilipovua ndala mlangoni ili nisichafue sakafu, nikapita sebuleni peku, nikaona konokono amepanda kwenye kioo nikataka kumtoa. Iliniingia kwenye vidole ikapanda mpaka begani. Haikunirusha, ila ilinishika kidogo kama mtu anayekaza kiganja chako, kisha mkono ukatoka wenyewe. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Binti alisimama mlangoni ananitazama, hakusema neno. Nilimwomba radhi siku ile ile, na ninamwomba tena hapa gazetini.

Sasa nieleze tulivyoutafuta umeme huo, maana hapo ndipo penye somo kwa wenye matangi, na hata kwa wasio nayo.

Nilimwita kijana anayefanya kazi za umeme mtaani. Alikuja jioni na bisibisi ya testa, akaichovya majini, haikuwaka. Akasema maji hayana umeme. Nikamwambia arudi asubuhi. Asubuhi testa ikawaka, mwanga hafifu wa rangi ya chungwa. Akasema basi ni hita. Kila mtu husema ni hita, kwa sababu ni bomba la kioo lenye waya wa moto ndani, na kioo kikipata ufa maji huingia. Mimi hita nilikuwa nimeinunua Julai ya mwaka uliopita samaki walipopata ugonjwa wa madoa meupe, nikaiacha humo baada ya tiba. Dar es Salaam hii tangi la mbuna halihitaji hita, maji yanapata joto lake bure. Tukaitoa, nikaitupa. Kesho yake maji yakang'ata vile vile.

Akarudi na maltimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili. Akaweka ncha moja majini na nyingine kwenye tundu la juu la soketi, lile la eathi, yaani waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja. Akasoma volti 2. "Mama, hapa hakuna kitu," akasema. Lakini alinionea huruma, akaanza kuzima kimoja kimoja: pampu ya chujio, pampu ya hewa, taa. Tukawa tunagusa maji kwa ncha ya kidole. Vyote vimezimwa kwenye soketi, swichi zote ziko juu, na maji bado yanang'ata. Ndipo akachomoa taa kabisa, plagi mkononi. Maji yakanyamaza. Akasema tumempata mwizi, ni taa. Nikanunua taa mpya Kariakoo, ya bati jeupe kama ile ya kwanza, plagi ya miguu mitatu. Tukachomeka. Maji yakang'ata.

Hapo alitoa shauri ambalo nalitaja ili mtu asilifuate kabla hajajua hali ya nyumba yake. Alitaka kuchukua waya, upande mmoja auzamishe majini, upande mwingine auingize kwenye tundu la eathi la soketi, ili umeme wa majini ukashukie ardhini. Aliniambia ndivyo wafanyavyo wenye matangi makubwa ya maji ya bahari. Kwa kweli wapo wanaofanya hivyo, kwa kifaa maalumu cha madini yasiyopata kutu, na wanabishana sana kama ni jambo jema. Lakini kwangu ingekuwa msiba.

Aliyetuokoa ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alifanya kazi ya umeme wa kiwandani miaka mingi, amestaafu. Nilimpelekea habari nilipokwenda kumpima kanzu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia yote, naye hakuuliza habari ya taa wala hita. Aliuliza, "Mama, wakati maji yanang'ata, ndani ya nyumba kunafanyika nini?" Sikuwa na jibu. Akasema atakuja Jumamosi, nimwache binti afanye kazi zake kama kawaida na mimi nishone kama kawaida.

Jumamosi alikuja na maltimita yake ya zamani, waya mrefu, nondo ya futi tatu na nyundo. Kwanza alirudia kipimo cha yule kijana: majini na tundu la eathi. Volti 2. Akatikisa kichwa. Kisha akatoka uani, akaigongomea nondo ardhini pembeni ya karo tunapofulia, mahali ambapo udongo haukauki, akamwagia ndoo ya maji, akafunga waya na kuuvuta mpaka sebuleni kupitia dirishani. Sasa akapima tena, majini na ule waya wa nondo.

Volti 96.

Akahamisha ncha kutoka majini akaiweka kwenye tundu la eathi la soketi, nyingine ikibaki kwenye waya wa nondo. Volti 97.

Nilimwona amenyamaza muda. Kisha akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. Yule kijana alipima kutoka kwenye kitu kibovu kwenda kwenye kitu kibovu. Tundu la eathi linatakiwa liwe limeungana na ardhi, liwe sifuri, ndipo unaweza kulitumia kupimia kingine. Eathi ya nyumba yangu ilikuwa imekufa. Nyaya zote za kijani na njano ndani ya kuta zilikuwa zinaungana zenyewe kwa zenyewe, kutoka soketi hadi soketi, lakini hazifiki ardhini popote. Zimebaki kama mto usio na bahari. Maji ya tangi na eathi ya soketi vilikuwa vimepanda pamoja mpaka volti 96, kwa hiyo ukipima kati yao unakuta karibu sifuri, na unasema hakuna kitu.

Hapo nikaelewa na jambo la swichi. Unapozima soketi, swichi inakata waya wa moto tu, ule unaoleta umeme. Mguu wa eathi haukatwi na swichi yoyote, unaachana na soketi pale tu unapochomoa plagi. Taa yangu ilikuwa haitoi umeme kuupeleka majini. Ilikuwa daraja, na ule waya aliotaka kuuzamisha yule kijana ungekuwa daraja pana zaidi. Umeme ulitoka kwenye eathi iliyokufa, ukapanda kwa mguu wa tatu wa plagi mpaka kwenye bati la taa, kisha ukashuka majini.

Ulishukaje, na taa haigusi maji? Mzee aliifunua akanionyesha kwa tochi. Chini ya bati kuna skrubu ya kushikia, haina rangi, chuma kitupu. Mawe ya hewa yanatoa mapovu, mapovu yanapasuka na kurusha matone. Maji yangu ni ya kisima, na kisima cha huku kwetu kina chumvi, mbuna hawayachukii maji magumu lakini kila tone likikauka linaacha unga mweupe. Kwa miezi unga ule ulikuwa umejijenga kutoka kwenye skrubu, ukafuata ukingo wa kioo, ukateremka mpaka usawa wa maji. Ulikuwa mbichi, unang'aa. Niliupitisha ukucha ukaachia kama gamba. Njia yenyewe ilikuwa hiyo, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya mvua.

Alijaribu jambo lingine ambalo nataka wenye maltimita za kisasa walijue. Taa ikiwa imechomolewa, maji bado yalisoma volti 14. Nikashtuka. Akasema nisishtuke, kifaa chochote cha umeme kikiwa karibu na maji huacha kivuli chake, na maltimita hizi ni nyepesi mno kiasi kwamba zinapima hata kivuli. Akatoa rezista, kifaa kidogo cha kuzuia umeme, ya omu 10,000 (omu ni kipimo cha uzuiaji huo), akaiunganisha katikati ya ncha mbili. Volti 14 zikaanguka mpaka sifuri. Kivuli hakina nguvu ya kubeba mzigo. Akachomeka taa, akapima tena na rezista ikiwa pale pale: kutoka 96 zikashuka mpaka 71, zikakaa hapo, hazitikisiki. Akagawanya kwenye karatasi ya vipimo vyangu vya nguo: 71 kwa 10,000, miliampia 7 na kitu, hicho ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Mtu huanza kuuhisi umeme kwenye miliampia 1 hivi. Ukifika miliampia 10 na kupanda, misuli hukaza na mtu anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Zaidi ya 30, moyo uko hatarini. Na mkono uliolowa pamoja na nyayo peku juu ya sementi mbichi huzuia umeme kidogo kuliko rezista ile. Kwa hiyo umeme uliompitia binti wangu huenda ulizidi 7. Karatasi ile ninayo.

Bado swali lilikuwa umeme umetoka wapi kuingia kwenye eathi. Mzee alikaa kwenye kiti mbele ya tangi, ncha zikiwa zimefungwa, macho kwenye maltimita. Namba ikawa 96, 95, 96. Ghafla 8. Kisha 96 tena. Akauliza kwa sauti, "Huyo anayeshona huko chumbani ni nani?" Nikamwambia ni mwanafunzi wangu, anamalizia sare za kicheni pati. Akapaza sauti, "Mwanangu, zima hiyo mashine." Mlio wa mota ya ovaloki ukakoma. Nane. "Washa." Tisini na sita. "Zima, kisha chomoa kabisa." Nane.

Ilikuwa ovaloki, Mhariri. Mashine iliyo chumba kingine kabisa, haijawahi kugusa tone la maji ya tangi lile. Niliinunua ikiwa imetumika. Mota yake inakaa chini ya meza, miaka yote inameza vumbi la nyuzi na mafuta, na masika hii unyevu umeingia humo, ngozi ya waya zake imechakaa na umeme unavujia kwenye chuma cha mota. Chuma kimeunganishwa na eathi, kama inavyotakiwa. Eathi ingekuwa hai, umeme huo ungeshuka ardhini. Kwa kuwa ilikuwa imekufa, ulizunguka ndani ya kuta ukitafuta pa kutokea, ukapata taa ya tangi, ukapata binti yangu.

Mambo yote yakajipanga. Testa haikuwaka jioni kwa sababu jioni sishoni. Mkono wangu haukung'atwa siku ya kwanza kwa sababu ya ndala, na pia kwa sababu niliacha kushona ndipo nikaenda kugusa. Mwanafunzi wangu aliwahi kuniambia pasi inamtekenya akigusa bati lake, nikamwambia ni pasi ya zamani. Mimi mwenyewe naikalia ovaloki siku nzima miguu ikiwa juu ya ubao.

Na samaki? Swali hilo naulizwa na kila mtu, kwamba kama maji yalikuwa na umeme mbona samaki hawakufa. Tazameni kunguru wa mji huu walivyojipanga kwenye nyaya za nguzo. Wako juu ya umeme na hawadhuriki, kwa sababu hawajagusa kingine kinachoungana na ardhi. Samaki wangu walikuwa hivyo hivyo, tangi zima limepanda nao pamoja, kioo kimewatenga na ardhi. Mbuna walikula vizuri, walitaga, walilea makinda mdomoni kama desturi yao. Afya yao ndiyo iliyonidanganya zaidi ya kitu chochote.

Aliyeiua eathi ni mimi. Mwezi wa pili nilijenga chumba kidogo uani. Fundi mwashi alipochimba msingi alikuta waya umeingia ardhini pembeni ya ukuta, akaukata, akaendelea. Mzee aliufuata kwa mkono akaukuta ndani ya plasta, ncha yake inaning'inia, na eathi rodi yenyewe, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini, iko chini ya sakafu ya chumba kipya. Nililipa msingi, nikalipa tofali, nikalipa bati, na sikuwahi kuuliza ule waya ulikuwa wa nini. Taa ziliendelea kuwaka, friji iligandisha, mita ya LUKU iliendelea kuhesabu. Eathi ikifa hakuna kinachozimika nyumbani, na hilo ndilo linaloitofautisha na ubovu mwingine mwingi wa umeme.

Matengenezo niyapitie haraka. Mzee alikataa kuyafanya mwenyewe kwa sababu hana leseni tena, akaniambia nitafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na niione kwa macho. Nilimpata. Alizamisha eathi rodi ya shaba mahali papya. Udongo wa Mbagala ni mchanga, kipimo chake cha eathi kikasoma omu 40. Hakuridhika, akazamisha ya pili mbali kidogo na ya kwanza, akaziunganisha, ikashuka mpaka 22. Kisha kwenye boksi la breka akafunga breka inayohisi umeme unaovuja, mafundi wanaiita RCD, ya miliampia 30. Breka za kawaida nilizokuwa nazo zinalinda waya usiungue, hazimlindi mtu, umeme wa kumuua binti ni mdogo mno kwao. Hii inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona tofauti inakata mara moja. Alipomaliza nilimwomba achomeke ovaloki. Aliwasha, na kabla mota haijazunguka nyumba nzima ikawa kimya. Mota imefungwa waya upya na sasa inafanya kazi. Gharama yote haikufikia faida ya kushona sare za sendofu mbili.

Tangi nalo tumelipanga. Ekstensheni imetoka sakafuni iko ukutani juu ya usawa wa maji. Kila waya unaotoka kwenye tangi umeachwa uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteleza juu ya waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Skrubu ya taa imefunikwa, unga mweupe unafutwa kila Ijumaa. Na kabla mtu hajaingiza mkono, plagi zote zinachomolewa. Siyo kuzimwa.

Ninachoomba kupitia gazeti lako ni hiki. Wapo mafundi mtaani wanaokuta eathi imekufa wakaiunganisha na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ndani ya soketi ili testa iridhike. Waache mtindo huo. Siku nyutro ya nje ikikatika, kila chuma ndani ya nyumba kitapanda mpaka volti 230. Shirika la umeme kazi yake inaishia kwenye mita, kuanzia hapo nyumba ni yetu, kwa hiyo tusisubiri mtu wa kutukagulia. Mwenye nyumba anayepangisha ampimie mpangaji eathi mbele ya macho yake, kama anavyomwonyesha choo na bomba. Wanaojenga vyumba vya uani na kuzungusha kuta wamwambie mwashi kwamba akikuta waya asimamishe jembe. Na kwa kuwa mafundi wengi vijana hawana kile kipimo cha eathi, naomba vyuo vya ufundi vya hapa mjini viwatume wanafunzi wao mitaani na walimu wao, hata mara moja kwa mwaka, wapite nyumba kwa nyumba wakipima. Wanafunzi watajifunza, na sisi tutajua tunaishi juu ya nini.

Na mwandishi wa ile makala, nakuomba uandike sehemu ya pili. Nitakupa karatasi ya mzee yenye vipimo, na gamba la chumvi nimelihifadhi kwenye kopo la vifungo.

Binti bado yuko nami, na samaki anawalisha yeye. Kila asubuhi anachomoa plagi nne, anazihesabu kwa sauti, kisha anavaa ndala ndipo aingize mkono. Mzee amemwambia ndala hazihitajiki tena. Anamjibu, "Sawa, babu," na anazivaa.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam